Tunaofundisha stadi za maisha vijana wakimbizi hapa Nairobi, nyinyi huanzia wapi?

Mwalimu wa Jumamosi (mwenye uzi)

Habari zenu wapendwa. Huu ni mwaka wangu wa nne nikifundisha kila Jumamosi, kwa kujitolea, darasa la vijana wakimbizi hapa Eastleigh, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mapazia. Wengi ni Waoromo na Wasomali. Kuna Wakongo na Warundi wanaopanda matatu kutoka Kayole na Githurai, na tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023 tumepata Wasudan pia. Umri wao ni miaka 15 hadi 24. Kuna jambo linanisumbua na nataka kuwauliza, ila kwanza niwaeleze lilivyoanza.

Nilipoingia kazi hii nilikabidhiwa kitabu cha mwongozo. Ni kitabu kizuri, kimepangika: kujitambua, kujithamini, kumudu hisia, kukabiliana na msongo wa mawazo, kufanya maamuzi, kutatua matatizo. Msingi wake ni zile stadi kumi zilizotajwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya tisini, na somo lililoingia kwenye shule zetu mwaka 2008 lilijengwa juu ya mambo hayohayo. Sina ugomvi nazo. Nilizifundisha kwa moyo wangu wote, sura baada ya sura, kalamu za rangi mezani na karatasi kubwa ukutani.

Sura ya kuweka malengo ndiyo iliyonikwamisha. Nilimwambia kila mmoja achore ngazi, chini aandike alipo, juu aandike anapotaka kufika baada ya miaka mitano. Kijana mmoja wa Kioromo, wa miaka 19, alichora ngazi nzuri kuliko zote, vidato vimenyooshwa kwa rula, kisha asiandike neno. Nikamsogelea, nikamhimiza. Akatabasamu akasema, "Bado nafikiria, Mwalimu."

Alichokuwa anafikiria nilikijua wiki mbili baadaye. Alikuwa akibeba majora ya vitambaa kwenye duka la jumla, analipwa kwa siku, na kila jioni anaweka kidogo kwenye M-Pesa. Ila laini haikuwa yake. Alipofika Nairobi kadi yake ya ukimbizi ilikuwa haijatoka, basi keateka, mtunzaji wa ploti aliyopanga, akamsajilia laini kwa kitambulisho chake mwenyewe, na wakati ule alifanya hivyo kwa wema. Miezi kumi na mmoja ikapita. Keateka akaacha kazi, akahama, akaenda akachukua laini mpya ya namba ileile. Shilingi 14,300 zikaondoka naye. Kijana angeshtaki wapi? Kwa jina la nani? Aligundua Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi mimi nikampa kalamu ya kijani achore ngazi.

Jumamosi iliyofuata baada ya kuelezwa hayo niliweka kitabu kando. Niliwaambia watoe simu, kila mmoja aingize namba ya jirani yake kana kwamba anamtumia shilingi kumi, asubiri jina litokee kabla pesa haijaenda, kisha akatize. Basi. Chumba kikanyamaza, halafu majina yakaanza kusomwa: jina la Kikamba, la Kikuyu, la Kiluhya, jina la mama ambaye mwenye simu hajawahi hata kumwona. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wanaweka akiba kwenye mfuko wa mtu mwingine. Tulikaa kwa muda wa saa tatu siku ile. Tuliongea jinsi ya kumwendea mtu aliyekusajilia laini bila kumkasirisha, kiasi gani ni salama kuacha humo, nani wa kumwomba msaada na nani wa kumkwepa, na unasemaje mtu anapotaka kukusaidia kwa namna usiyoitaka. Maamuzi yalikuwemo, mawasiliano yalikuwemo, hisia ndiyo usiseme.

Tangu hapo naanzia kwenye laini. Baada yake nauli, kukodi chumba, kibarua, na kukamatwa. Wakufunzi wenzangu wananiambia nimeacha stadi za maisha nikageukia mambo ya mtaani. Swali langu ni hili, kwenu mnaofanya kazi hii na zaidi kwa vijana wenyewe kama mmo humu: mnaanzia wapi? Nini kilikusaidia kweli, na nini kilikupotezea siku yako?

Duka la Jam Street

Mwalimu, shukrani kwa kulileta hili. Mimi ni Msomali wa hapahapa Nairobi, nauza nguo za watoto, na nimefanya kazi na mabinti wakimbizi kwa muda mrefu. Nina mambo mawili.

La kwanza ni akiba. Watu wa semina huja wakisema hawa vijana hawajui kuweka pesa. Si kweli hata kidogo. Muulize binti wa Kisomali habari za ayuuto. Muulize Muethiopia habari za ikubu, Mkongo habari za likelemba. Ni kile kile tunachokiita chama. Mama yangu alitusomesha kwa ayuuto, ndugu sita. Ukiwaanzishia hapo, wanakaa vizuri kitini, kwa sababu sasa unauliza jambo wanalolijua.

Wanachopungukiwa ni kingine. Kule nyumbani anayekimbia na pesa ya kikundi anafuatwa na wazee wa ukoo hadi mlangoni kwao. Hapa mnaingia kumi wa ploti moja, na mmoja anaweza kuhama usiku na godoro lake. Na kuna mambo ambayo vyama vyetu vya Wakenya haviyafikirii: mwenzenu akipata safari ya Kanada katikati ya mzunguko, mnafanyaje? Akirudishwa kambini Kakuma kabla zamu yake haijafika? Mabinti wa dukani kwangu walikaa wakabishana jioni nzima juu ya hilo, chai ikapoa. Wakakubaliana kwamba asiye na kadi apewe zamu ya mapema kwa kuwa yeye ndiye hajui kesho atalala wapi, na anayesafiri aache mtu wa kumlipia, mtu ambaye wote wanamjua kwa uso. Hakuna mkufunzi aliyewaambia hivyo.

La pili, naomba uhesabu wasichana katika darasa lako. Jumamosi ni siku ya kufua, ya kusafisha nyumba, ya kulea wadogo, na kwa wanaouza duka ndiyo siku yenye wateja wengi kuliko zote. Mimi nilihamishia mazungumzo yetu Jumanne asubuhi, saa tatu hadi saa nne na nusu, tumekaa kwenye mkeka nyuma ya kaunta. Nilienda kwa mama zao mmoja mmoja nikajieleza mimi ni nani na binti wa nani. Tulianza na watatu, tukafika kumi na mmoja. Yako mambo hawatayasema mbele ya mwanamume hata awe mpole vipi: mwenye nyumba anayebisha hodi usiku, mjomba anayetaka kumwoza, mwajiri anayemshika. Namba ya 1195 ya ukatili wa kijinsia na 116 ya watoto tumeziandika nyuma ya mlango wa choo, mahali ambapo mtu husoma akiwa peke yake.

Mukongo wa Kayole

Aksanti Mwalimu. Miye si wa darasa lako lakini niko mmoja wa hao vijana unasema. Nimetoka Bukavu, naishi Kayole tangu 2019. Naandika polepole ili nijaribu Kiswahili cha hapa.

Watu wanafikiri Mukongo hana shida kwa sababu anajua Kiswahili. Kiswahili njo kilinitangaza. Wiki ya kwanza, kwa matatu, makanga akaniambia "finje". Nikampa noti ya elfu moja kwa sababu sikujua ni ngapi, akanirudishia chenji pungufu. Nikamwambia anipatie franga zangu zote, njo vile tunaita pesa kwetu. Gari nzima ikageuka kuniangalia. Nilishuka mbali na stegi yangu nikamalizia na miguu.

Nikatafuta daftari. Ashu ni kumi, mbao ni makumi mbili, finje makumi tano, soo ni mia, jirongo mia tano, thao elfu. Nilikuwa ninasimama karibu na stegi kama mtu anangojea mwenzake, kumbe ninasikiliza. Hiyo daftari ilinisaidia kuliko vyeti. Miye niko na vyeti vitano vya stadi za maisha. Vitano. Viko ndani ya bahasha chini ya godoro, na hakuna bosi hata mmoja amewahi kuniuliza kama niko na hicho cheti.

Nisameheni niseme wazi. Mnatufundisha kumudu hisia. Miye nimevuka mipaka miwili na mudogo wangu wa miaka sita, kila usiku ninamwambia kesho tutafika na ninajua ninamdanganya. Nilikuwa na miaka 17. Ninaomba mwalimu aanze kwa kuuliza, "wewe umekwisha kujifunza nini njiani?" Hakuna aliyeniuliza bado.

Lakini sisemi muache. Kuna siku moja katika hizo semina zote ilinibadilisha. Mwalimu mumoja mwanamke alituweka wawili wawili, mgongo kwa mgongo, tusione nyuso. Mumoja ni bosi, mwengine anatafuta kazi, na mazungumzo yote ni kwa simu. Kwa uso ninaweza kucheka, ninaweza kutumia mikono, mtu ataona siko mubaya. Kwa simu niko sauti tu, na sauti yangu ni ya Bukavu. Ile asubuhi nilipiga "simu" labda mara makumi tatu. "Habari ya asubuhi, nimepata namba yako kutoka kwa fulani, nasikia unahitaji mtu wa kupakua mizigo." Sentensi moja, bila kutetemeka. Juma ile nilipata kazi ndani ya soko ya Gikomba, na njo ninafanya mpaka sasa.

Mzawa wa Dandora

Hiyo jirongo kaka, ilitokana na mwanasiasa Cyrus Jirongo, noti ya mia tano ilipozagaa mitaani kipindi cha uchaguzi wa 1992. Hata sisi tuliambiwa na wakubwa wetu.

Mwalimu, nauliza kwa nia safi kabisa. Vijana wetu hapa Dandora nao wanabebwa kwenye misako ya usiku. Nao wanaingia nyumba bila kuandikiana na mwenye ploti, wanafanya kibarua wasilipwe. Sasa darasa likiwa la wakimbizi peke yao, na chai na mkate juu, huoni majirani wataanza kuwaangalia vibaya? Mimi nimeona chuki ikianza kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Mwalimu wa Jumamosi

Huoni vibaya, kaka. Tulilifikiria na tukafungua mlango miaka miwili iliyopita. Sasa karibu theluthi moja ya darasa ni Wakenya wa mitaa ya jirani, na faida niliiona mwezi wa kwanza: Sheng ambayo mimi na umri wangu siwezi kuifundisha, wanafundishana wenyewe wakati wa chai.

Tofauti moja ipo, na Wakenya wa darasani ndio walioitaja. Mmoja alisema akibebwa usiku, asubuhi mama yake atakuja na kitambulisho chake mkononi, na mambo yakiwa magumu kabisa ana mashambani pa kwenda. Mwenzake aliyekaa kando yake hana mama hapa, na hana pa kurudi. Kwa hiyo vipindi vya karatasi na usajili tunavifanya sisi na wakimbizi tu, mlango umefungwa, kwa kuwa mtu hawezi kutaja hali ya kadi yake mbele ya kila mtu.

@Duka la Jam Street, nimehesabu wasichana kama ulivyosema. Jumamosi iliyopita walikuwa wanne kati ya ishirini na sita. Nimeona aibu kwamba sikuwahi kuhesabu.

Wakili Pangani

Nimekuwa nikiwawakilisha wakimbizi kwa kujitolea, na kipindi cha kukamatwa nimekifundisha mara nyingi, mara nyingine vibaya. Niseme nilipokosea.

Zamani niliwafundisha sheria kama ilivyo kitabuni. Katiba, kifungu cha 49, inazungumzia mtu aliyekamatwa. Haisemi raia. Aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, anaruhusiwa kunyamaza, anaruhusiwa kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Niliwaeleza kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyopelekwa na shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria, ilitupilia mbali agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini. Na kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtambua mkimbizi kuwa mtu anayestahili karatasi na anayeweza kufanya kazi. Yote ni kweli, na wanapaswa kuyajua. Ila hata baada ya uamuzi ule wa 2013, Aprili 2014 ilikuja operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, na maelfu ya watu, wengi wao kutoka Eastleigh, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Vijana wa darasani wanakumbuka, au wamesimuliwa na kaka zao. Ukiwafundisha lile la kwanza ukanyamazia la pili, wanakuona huijui Nairobi.

Kosa langu kubwa lilikuwa hili: kijana mmoja aliyenisikiliza kwa makini alisimamishwa na askari wawili usiku kichochoroni, akawatajia kifungu cha 49. Alipigwa. Alinisimulia mwenyewe, bila kunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Siku hizi kipindi chote ni mazoezi. Tunazima taa. Mmoja anashika tochi anakuwa askari. Yule mwingine anasimama, mikono inaonekana, anasalimia, anataja jina lake, anatoa kadi. Sauti iwe ya chini, fupi, isiyoomba wala kufoka. Tunarudia hadi goti liache kucheza. Kifungu cha 49 ni cha kesho yake mchana, mkiwa na mtu mzima kituoni. Kisha namba mbili za simu kichwani, kwa sababu simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Nimeshangaa ni wangapi hawajui hata namba ya ndugu anayelala naye chumba kimoja. Binti mmoja wa Kisudani alizitia zile namba kwenye wimbo wa kuruka kamba. Darasa zima likaondoka likiimba namba ya shangazi yake, ikabidi tuwaombe kila mtu atunge wimbo wake.

Na nakala ya kadi au ya barua ya mandeti, ile ya UNHCR inayothibitisha kwamba mtu ni mkimbizi, ikae nyumbani kwa mtu mwingine. Usiiweke chumbani kwako.

Mwalimu wa Gredi ya Nne

Nitachangia kwa ufupi, nina vitabu vya kusahihisha. Shuleni kwetu mtoto wa miaka 15 huwekwa gredi ya nne kwa sababu ya lugha. Anakaa nyuma, magoti yamegonga dawati, katikati ya watoto wa miaka tisa. Huyo somo la kujithamini halimfikii mpaka umpe kazi ya umri wake. Mimi humpa rejista ya kuita majina na ufunguo wa kabati la vitabu.

Kuna kijana Mrundi aliyepitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Siku ya kwanza nilipoingia alisimama wima akasema "Shikamoo, Mwalimu." Darasa likaangua kicheko, Nairobi hapa nani anasema shikamoo? Hakusalimia tena muhula mzima. Nilichelewa kuona nilichopaswa kufanya, nacho kilikuwa kidogo tu, kuitikia "Marahaba" kwa sauti siku ileile.

Jambo la mwisho, nawasihi: msiwaambie wasimulie walikotoka mbele ya wenzao. Anayesinzia darasani huenda hajalala usiku kwa ndoto. Mpelekeni kwa mshauri aliyesomea kazi hiyo, na mwalimu asijigeuze daktari kwa sababu ya semina ya siku mbili.

Mkalimani wa Mama

Sijawahi kuandika humu, nimekuwa nikisoma tu. Sisi ni Waeritrea, nimelelewa Nairobi, sasa nina miaka 22. Mnaongea habari za stadi za kufundishwa vijana. Mimi nataka kuongea habari ya stadi moja niliyopewa bila kuiomba.

Mama yangu anaongea Kitigrinya. Tangu nina miaka kumi mimi ndiye mdomo wake: kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu wangu mwenyewe nilipokosea shuleni, ofisini kwa foleni ya karatasi. Watu walinisifu. "Huyu mtoto ni mwerevu." Nilipenda kusifiwa.

Nikiwa na miaka 13 tulienda hospitali, mama alikuwa na maumivu ya tumbo. Daktari aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema kwa Kiswahili kizuri cha taratibu, "Mwambie mama kuna uvimbe na lazima tuchunguze kama ni mbaya." Nakumbuka alikuwa na kalamu nyekundu na aliifunga kifuniko huku ananisubiri. Mama naye ananiangalia, ananisubiri. Nilimwambia mama ni vidonda vya tumbo. Nikamwambia daktari mama ameelewa.

Nilikaa na neno lile wiki saba. Nilipika, nilienda shule, nilimtafsiria mama kwa mama mboga. Usiku nilikuwa naamka kusikiliza kama anapumua. Mwishowe nilimwambia mama wa jirani, Muethiopia anayejua Kitigrinya, naye akarudi na mama hospitali. Uvimbe haukuwa mbaya, ulitolewa, mama yuko hai anachoma kahawa ninavyoandika. Lakini mimi sijapona zile wiki saba.

Katika madarasa yote niliyopitia hakuna aliyeniambia kwamba mtoto anaweza kusema, "Hili sitalitafsiri. Niitieni mtu mzima." Sentensi hiyo tu. Nilikuwa najua Kiswahili, Kiingereza, Kitigrinya na Kiamhari, na sikujua kwamba inaruhusiwa kuisema katika hata lugha moja. Mwalimu, ukiuliza unaanzia wapi, ningeomba mtoto wa miaka kumi afundishwe sentensi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Duka la Jam Street

Dada, nimesoma mara mbili. Dukani kwangu kila siku naona watoto wanawatafsiria mama zao bei, nami nawapa peremende na kuwasifu. Allah amhifadhi mama.

Mukongo wa Kayole

Mudogo wangu anafanya hivyo kwa bibi wa jirani. Leo nitamuongelesha.

Mwalimu wa Jumamosi

Nimekaa na maneno ya Mkalimani tangu jana. Dada, nashukuru kwa kutuamini nayo. Sikuwa na kipindi hicho, na hakimo kwenye mwongozo wowote niliowahi kushika. Ninapojaribu kukiandika naona kigumu chake: darasani kwangu kuna watoto ambao mama zao hawana mdomo mwingine. Nikimfundisha mtoto kukataa, mama atabaki na nani mbele ya daktari? Kwa hiyo nafikiri kipindi lazima kiwe na wazazi ndani yake. Kila familia iseme mambo yapi mtoto anaweza kutafsiri, bei ya unga, tarehe ya mkutano wa shule, na yapi hapana, ugonjwa, kesi, deni la nyumba. Halafu tuwe na orodha ya watu wazima wa kila lugha walio tayari kusindikiza mtu hospitali. Wa Kitigrinya, Kioromo, Kisomali, Kirundi na Kiarabu cha Sudan, wawili wawili, na namba zao. Kama uko tayari kukaa nami tuipange, nitafute kwa ujumbe wa faragha. Ukiona ni mzito kwako, sitauliza tena.

Wakili, kipindi cha tochi nitakuiga, kama utaruhusu, na nyimbo za namba pia. Dada wa Jam Street, nimeongea na mwalimu mwenzangu mwanamke, atakuja kwako Jumanne ajifunze mnavyofanya kabla hatujaanzisha chetu.

Mliouliza habari za yule kijana wa ngazi: pesa hazikurudi. Kadi yake ilitoka mwezi wa tatu. Jumamosi moja alikuja na simu, akaomba turudie lile zoezi la majina, ingawa tulikuwa tumeshalimaliza zamani. Msichana aliyekaa mbele yake akaingiza namba, akasubiri, kisha akasoma jina kwa sauti, jina lake la kwanza, la baba na la babu. Akaomba mwingine naye aingize namba asome. Tulirudia mara tatu, hakuna aliyelalamika.

Ndugu yangu wa Kayole, wewe nina ombi kwako. Ile daftari ya pesa na zoezi la simu mgongo kwa mgongo, njoo uvifundishe wewe mwenyewe. Nitakaa nyuma na wanafunzi. Nauli na chakula cha mchana ni juu yetu, na utalipwa kama mkufunzi mwingine yeyote anayekuja, sitakupa cheti.

Mukongo wa Kayole

Aksanti Mwalimu. Nitakuja. Lakini si asubuhi, Jumamosi asubuhi mizigo inashuka Gikomba na bosi haruhusu mtu. Saa nane na nusu inawezekana, nikipanda namba 6 kutoka mjini. Mudogo wangu nitakuja naye, sina wa kumuachia. Na mwambie kila mtu aje na daftari yake, si karatasi kubwa ya ukutani.